Kasuku wa Mauritius na Msitu Uliogeuzwa Shamba

Wengi husema kasuku wa kijani wa Mauritius aliponzwa na mabaharia wenye njaa: Waholanzi walifika mwaka 1598, wakala walichokikuta, ndege wakaisha. Maelezo hayo yanamfaa dodo, ambaye hakuvuka karne ya 17. Kasuku huyu hayamfai. Aliwaona Waholanzi wakija na kuondoka, kisha Wafaransa, na Waingereza walipoteremsha bendera mwaka 1968 bado alikuwapo. Kilichokaribia kummaliza ni shamba. Hutaga ndani ya matundu ya miti mikubwa ya asili na hula matunda, maua na majani ya miti hiyohiyo. Msitu ulipofyekwa kupisha miwa, halafu chai na misonobari, alikosa makazi na riziki kwa mpigo mmoja. Leo msitu wa asili uliosalimika haufiki asilimia 2 ya kisiwa. Na walioshikishwa mashoka na majembe walikuwa watumwa wa Madagaska, Msumbiji na pwani yetu (mwaka 1776 Mfaransa Morice aliwekeana na sultani wa Kilwa mkataba wa kuuziwa watumwa elfu moja kila mwaka), na baada ya utumwa kufutwa mwaka 1835, vibarua kutoka India. Shamba lililowanyonya watu hao ndilo lililomnyang'anya ndege msitu wake.

Miaka ya 1980 walibaki kama kumi tu. Sasa wamepita 700, na mwaka 2019 kasuku huyu aliondolewa kwenye daraja la walio hatarini kutoweka akawekwa daraja nafuu zaidi. Basi kazi si imekwisha? Haijaisha, na sababu ni namna idadi hiyo ilivyopatikana. Mhifadhi Carl Jones na wenzake walichukua makinda yaliyokuwa yakifa njaa viotani, wakayalea kwa mkono. Shina la mti wenye kiota lilivishwa plastiki laini ili panya ateleze. Matawi yaliyogusana na mti wa jirani yakakatwa ili kima asivuke. Kiota kikanyunyiziwa dawa dhidi ya funza wanaonyonya damu ya makinda. Mwaka 2005 ugonjwa wa mdomo na manyoya ukazuka hata hivyo. Ndege wengi bado hutegemea chakula cha kuwekewa na masanduku ya mbao, kwa kuwa hata ndani ya hifadhi ya Black River Gorges, iliyotangazwa mwaka 1994, mipera ya kigeni inaisonga miche ya asili. Panapozungushiwa ua dhidi ya nguruwe na kulungu, na mipera ikang'olewa, miche huchipua tena. Ila mche wa leo utachukua miongo mingi kupata tundu la kutosha kiota, na hadi hapo masanduku hayana budi kutunzwa kila msimu.