East Cliff Hall: Zawadi ya Annie Iliyogeuka Makumbusho

Hoteli ya Royal Bath mjini Bournemouth, kusini mwa Uingereza, ilifunguliwa siku aliyotawazwa Malkia Victoria, tarehe 28 Juni 1838. Jirani yake, juu ya jabali linaloitazama bahari, ipo East Cliff Hall, nyumba iliyokamilika mwaka 1901, mwaka uleule aliofariki malkia huyo. Enzi nzima imekaa kati ya majengo hayo mawili, na aliyeyaunganisha ni mtu mmoja: Merton Russell-Cotes.

Merton alifika Bournemouth akitafuta hewa nzuri kwa ajili ya afya yake. Mwaka 1876 aliinunua hoteli hiyo, akaipanua, akaijaza picha za sanaa hata wageni wakawa wanalala kama ndani ya maonyesho. Mji wenyewe ulikuwa unakua kwa kasi, na mwaka 1894 akawa meya wake. Mkewe, Annie, mzaliwa wa Glasgow aliyeolewa naye mwaka 1860, alikuwa mwenzake katika safari na katika kukusanya. Miaka ya 1884 na 1885 waliizunguka dunia. Japani iliwateka kuliko nchi nyingine zote: walirudi na vyombo vya shaba, kauri na kazi za mikono kwa makasha.

Ndipo Merton alipomjengea mkewe nyumba, iwe zawadi ya siku yake ya kuzaliwa.

Msanifu John Frederick Fogerty hakujifunga kwenye mtindo mmoja. Nje kuna minara na roshani zinazokumbusha Italia. Ndani, ukumbi mkuu una chemchemi sakafuni na mwanga unaoshuka kutoka paa la vioo. Chumba cha kulia kimezungushiwa picha za tausi ukutani. Pembe moja imerembwa kwa kuiga kasri la Alhambra la Hispania, na chumba kingine kiliwekwa vitu vya Japani. Kipo pia chumba cha kumbukumbu ya Henry Irving, mwigizaji mashuhuri aliyekuwa rafiki wa familia na aliyefariki mwaka 1905.

Annie na Merton hawakungoja mauti ndipo mali yao ijadiliwe. Kati ya mwaka 1907 na 1908 waliikabidhi nyumba pamoja na sanaa zake kwa mji wa Bournemouth, huku wakibaki na haki ya kuishi humo maisha yao yote. Waliendelea kuiboresha nyumba ambayo tayari haikuwa yao. Kumbi mpya za picha ziliongezwa, na mwaka 1919 zikafunguliwa na Binti Mfalme Beatrice, mtoto wa mwisho wa Victoria.

Annie alifariki mwaka 1920, Merton akamfuata mwaka 1921. Tarehe 10 Machi 1922 nyumba ilifunguliwa rasmi kuwa makumbusho ya umma.

Humo zimo kazi ambazo makumbusho makubwa yangezionea fahari: Venus Verticordia ya Dante Gabriel Rossetti, Aurora Triumphans ya Evelyn De Morgan, na picha kubwa za Edwin Long, ambaye turubai zake zinachukua karibu ukuta mzima. Lakini picha za namna hiyo zinapatikana hata London. Kisichopatikana kirahisi ni kuziona zikiwa zimezungukwa na rangi za kuta, samani na vioo vya watu walioishi humo. Katika makumbusho ya kawaida kitu hung'olewa mahali pake, kikapewa kibandiko na kabati. Hapa nyumba yenyewe ndiyo kazi kubwa kuliko zote zilizomo, na thamani hiyo imebaki kwa sababu wenyewe waliitoa pamoja na sanaa zake.

Anayefika Bournemouth kwa ajili ya ufukwe asikose kupanda jabali hilo. Aanzie ukumbini, penye chemchemi, kisha ainue macho kutazama paa kabla ya kuzitazama picha.