Kompyuta ya 386 na herufi mbili zilizokosekana

Mjomba wangu wa Njoro ana kompyuta ya 386 yenye RAM ya MB 4. Laptopu hataki, kibodi hii ameizoea. Akaniambia nimtafutie programu rahisi ya kuandikia historia ya ukoo wetu.

Windows za leo, sahau. Hata Jambo OpenOffice, ile ya Kiswahili iliyotoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004, ni nzito mno hapa. Nikarudi nyuma zaidi: WordStar (1978), WordPerfect 5.1 (1989), kisha Word 5.5 ya DOS, ambayo Microsoft waliitoa bure kutokana na ile hofu ya mwaka 2000. Nikaiweka hiyo juu ya FreeDOS, mradi ulioanzishwa na Jim Hall mwaka 1994. Ikakubali!

Kiswahili hakikusumbua, hata "ng'ombe" ni herufi za ASCII tu. Mjomba akajaribu Kikuyu, akaanza na Gĩkũyũ na Mũmbi. Akakwama hapo hapo.

Kwa nini? DOS ilikuwa na nafasi 256 za herufi, zikajazwa herufi za Ulaya na mistari ya kuchorea majedwali. î na û zimo, ĩ na ũ hazimo. Unicode ya 1991 inazo, ila programu hii haiijui.

Tumeelewana hivi: yeye abonyeze Alt+140 na Alt+150 apate î na û, mimi nitazibadilisha baadaye kwa programu fupi. Ameshafika ukurasa wa tatu.

Wewe ungefanyaje? Karibu kwenye maoni.