Septemba isiyokwisha

Kimya kirefu, najua. Tulikuwa mazoezi ya kufundisha, halafu kurudi tu chuo tukakutana na tesiti mfululizo. Leo nimepata nafasi kimbwetani, jua limepoa, nina stori ya kuwapa. Ni historia, ila msikimbie, inatuhusu.

Wa kozi yetu mnalijua lile grupu letu la WhatsApp. Tulilianzisha tukiwa mwaka wa kwanza, watu arobaini na kitu. Ukiomba desa unatumiwa, ukiomba tena unaambiwa kistaarabu upandishe juu ukatafute. Mwaka huu kuna mtu akawagawia mafresha linki, wiki mbili hazijaisha tukawa zaidi ya mia tatu. Swali lile lile mara kumi na mbili kwa siku, matangazo ya kubeti, matangazo ya viatu, picha za maua za kutakiana asubuhi njema. Mimi ni admini. Siku moja fresha mmoja akauliza usajili wa kozi unafungwa lini, swali lililokuwa limeulizwa asubuhi ile ile. Nikamjibu mbele ya wote: "Soma juu, hapa si chekechea." Watu wakaweka vicheko. Jioni nikafunga grupu, wakabaki maadmini tu kuandika. Wakongwe wenzangu wakanipongeza kweli kweli.

Sasa wiki hiyo hiyo nilikuwa naandaa semina ya historia ya mawasiliano, nikajikuta nasoma kuhusu Usenet. Duh! Nilijiona mle ndani kama kwenye kioo.

Mwaka 1979 wanafunzi wawili wa shahada za juu wa Chuo Kikuu cha Duke, North Carolina, Tom Truscott na Jim Ellis, walikuwa na kiu ya kuongea na wenzao wa vyuo vingine kupitia kompyuta. Mtandao mkubwa wakati huo ulikuwa ARPANET, mali ya wizara ya ulinzi ya Marekani, na kuingia humo kulitaka mikataba na hela ambazo chuo chao hakikuwa nazo kwa kazi hiyo. Kwa kifupi walifungiwa nje. Wakamshirikisha Steve Bellovin wa chuo jirani cha Chapel Hill, akaandika programu ya kwanza ya kujaribia, na 1980 wakaitangazia dunia.

Ufundi wake ulikuwa wa kimaskini na mzuri sana. Kompyuta moja ilipiga simu kwa nyingine, mara nyingi usiku kwa kuwa gharama ya simu ilishuka, zikapeana ujumbe mpya, zikakata. Ile ya pili nayo ikampigia jirani yake. Swali lako liliweza kuchukua siku kadhaa kufika upande wa pili wa nchi, na jibu siku kadhaa kurudi. Hapakuwa na makao makuu wala mwenye mali. Kila chuo kilitunza nakala yake ya mazungumzo yote, na kila mazungumzo yaliwekwa kwenye kikundi chake kwa mada. Mambo yalipokuwa mengi wakapanga upya majina, kati ya 1986 na 1987: comp kwa ajili ya kompyuta, sci sayansi, rec burudani, soc jamii, talk mabishano, na mengine mawili. Kando yake ikazaliwa alt, ya wale wasiotaka kuomba ruhusa kwa yeyote.

Humo ndimo Agosti 1991 mwanafunzi wa miaka 21 wa Helsinki, Linus Torvalds, alipowaambia watu kwamba anatengeneza mfumo wake wa kompyuta, kitu cha kujifurahisha tu. Leo tunaiita Linux, na simu za Android mnazosomea hapa zimejengwa juu yake. Mwezi huo huo Tim Berners-Lee aliitangaza humo humo kazi yake mpya, wavuti. Yaani kitu kilichokuja kuiua Usenet kilipigiwa debe ndani ya Usenet yenyewe.

Sasa tuje kwenye Septemba. Vyuo vya Marekani hufungua muhula mwishoni mwa Agosti na Septemba. Kila mwaka mwezi huo mafresha walipewa akaunti, wakavamia vikundi, wakauliza yaliyokwisha kuulizwa, wakagombana hovyo. Wakongwe wakavumilia. Walikuwa na kikundi maalum cha kuwaelekeza wageni, wakaandika karatasi ndefu za maswali yanayoulizwa mara kwa mara, na aliyevuka mstari alirekebishwa. Ikifika Novemba wageni walikuwa wamekwisha kuwa wenyeji. Mimi kama mwalimu mtarajiwa naona hapo palikuwa na shule. Haina jengo wala mshahara, ila ni shule, na iliwezekana kwa sababu waliojua walikuwa wengi kuliko wasiojua, na kwa sababu mwaka ulikuwa na miezi kumi na moja mingine.

Halafu 1993 na 1994 kampuni zilizouza huduma za mtandao majumbani zikafungua lango. Mojawapo ilikuwa AOL, ambayo katikati ya 1994 ilifikisha wateja milioni moja. Wageni wakaingia kila siku, mwaka mzima. Wakongwe wakakipa kipindi hicho jina: Septemba isiyokwisha. Nimetoka kufundisha darasa la watoto 97 na mimi peke yangu ubaoni, kwa hiyo hesabu hii naielewa bila kuchorewa. Kwenye darasa lile hata watoto wenye adabu walipotea, maana sikuweza kufika kwao.

Lakini hapa ndipo ninapokwaruzana na wakongwe. Mtandao ule ulianzishwa na watu waliofungiwa nje ya geti. Miaka kumi na minne tu baadaye warithi wao wanalalamika kwamba geti limefunguliwa! Na wengi wao hawakuwa na sifa yoyote zaidi ya kusoma chuo chenye kompyuta.

Tena ukifuatilia, pigo baya lilitoka kwa watu wenye elimu zao. Tarehe 12 Aprili 1994 wanasheria wawili, mke na mume, Laurence Canter na Martha Siegel wa Arizona, walibandika tangazo moja kwenye vikundi zaidi ya elfu tano. Tangazo la nini? Bahati nasibu ya Green Card, ile ile tuliyokuwa tukiijazia fomu pale steshenari! Walitoza ada kusaidia watu kuomba, wakati kuingia kwenyewe kulikuwa bure. Watu walichemka, ila nani angewazuia? Uzuri wa kutokuwa na mwenye mali ukageuka donda. Barua taka zikafuata mafuriko.

Mengine yalikwenda haraka. Wavuti ikawa rahisi na ina picha. Vikundi vya kubadilishana mafaili, mengi ya wizi, vikajaza diski za seva, na kampuni za intaneti zikaona hasara. AOL ikajitoa 2005. Mwaka 2008 mwanasheria mkuu wa New York, Andrew Cuomo, akazibana kampuni kuhusu picha za udhalilishaji wa watoto, na kadhaa zikafuta vikundi jumla jumla, hata vya watu wasio na hatia. Tarehe 20 Mei 2010 Duke, pale ilipozaliwa, wakazima seva yao. Google, waliokuwa wamenunua kumbukumbu nyingi za Usenet mwaka 2001, waliacha kupokea ujumbe mpya wa humo Februari 2024.

Kilichonigusa zaidi ni kumbukumbu zenyewe. Za miaka ya mwanzo zilinusurika kwa sababu Henry Spencer, aliyesimamia kompyuta za idara ya zoolojia Chuo Kikuu cha Toronto, alizihifadhi kwenye kanda 141, kuanzia 1981 hadi 1991. Hakuna aliyemtuma.

Usenet haijafa kabisa. Kuna seva za watu wanaojitolea, na moja inajiita Eternal September, yaani Septemba ya milele. Kujiunga ni bure, mgeni yeyote anakaribishwa. Tusi limekuwa jina la nyumba.

Yule fresha wangu alisajili kozi kwa kuchelewa, akalipa faini. Nimemkuta juzi kwenye foleni ya chipsi. Akaniamkia "shikamoo dada" huku akiangalia chini, na mimi sijamzidi hata miaka mitatu. Nikamuuliza kwa nini hakunifuata inboksi. Akasema aliogopa kuuliza mara mbili.

Grupu nimelifungua jana usiku. Mpaka naandika hapa yameshaingia matangazo mawili ya viatu.