Muuguzi Mpya Anapopata Mkataba wa Kazi Singida: Hukumu za Safari, Swala na Amana

Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake.

Wazazi wa Unguja na Pemba hutuuliza: mtoto wetu amemaliza masomo ya uuguzi, ajira hapa bado hajapata, na sasa ameitwa kwa mkataba wa miezi sita katika hospitali ya mkoa wa Singida. Je, aende? Na akiwa ni binti asiyeolewa? Utaratibu huu si mgeni. Taasisi ya Mkapa, iliyoanzishwa mwaka 2006, imewapeleka wahudumu wa afya kwa mikataba katika wilaya zenye upungufu. Tumekusanya hapa hukumu ambazo familia inazihitaji kabla ya kusaini.

1. Hukumu ya kazi yenyewe

Kuuguza ni katika faradhi za kutosheleza: wakipatikana wa kutosha, wengine husamehewa, wasipopatikana, wote wenye uwezo wana dhima. Rubayyi' bint Mu'awwidh (R.A.) amesimulia katika Sahih Bukhari kwamba wanawake walitoka na Mtume (S.A.W.) wakiwanywesha maji wapiganaji na kuwatibu majeruhi. Ummu Atiyya (R.A.) alitoka katika vita saba. Lakini tusisome nusu ya habari: walitoka katika msafara wa Waislamu, pamoja na watu wao.

Na mzazi ajiulize: akitaka binti yake azalishwe na mwanamke, mwanamke huyo atatoka wapi ikiwa kila baba atamzuia wake?

2. Safari ya binti

Hadithi za Bukhari na Muslim zinamkataza mwanamke kusafiri bila ya mume au mahram. Kauli inayotegemewa katika madhehebu ya Shafi ni kwamba ruhusa ya kwenda na wanawake waaminifu ni kwa safari ya wajibu, kama Hija ya faradhi. Wako wanavyuoni wa madhehebu hayo hayo walioiruhusu katika safari nyingine pia ikiwa njia ni ya amani. Kwa hivyo hitilafu ipo, na haifai kumtia mtu ufasiki kwa ajili yake.

Tunalowanasihi watu ni hili: mahram ni sharti la safari, si sharti la kuishi mjini. Baba, kaka au mjomba amsindikize, aione nyumba atakayokaa, ajuane na majirani na imamu wa msikiti wa karibu, kisha arudi. Siku hizi boti hadi Dar es Salaam, treni ya umeme hadi Dodoma, kisha basi la kiasi cha kilomita 240, si safari ya kumshinda mtu. Nauli ya msindikizaji iingizwe katika hesabu tangu mwanzo, kama inavyoingizwa kodi ya chumba. Binti akae na wanawake wenzake waaminifu, si peke yake.

3. Swala na saumu

Njiani anapunguza na kukusanya Swala. Akifika Singida naye amenuia kukaa siku nne kamili au zaidi, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, kwa Mashafi amekuwa mkaazi: atatimiza Swala na atafunga. Ndugu zetu Maibadhi wana kauli yao, kwamba msafiri hupunguza mpaka aufanye mji huo kuwa makazi yake. Kila mmoja afuate wanavyuoni wake bila ya ugomvi.

Singida iko magharibi ya visiwa vyetu, na jua huko huchwa takriban robo saa au zaidi baada ya kuchwa Unguja. Asifuturu kwa adhana ya redio ya nyumbani! Kibla nacho ni kaskazini kwa kuelemea kidogo mashariki.

Zamu ya usiku peke yake si udhuru wa kula Ramadhani. Akiwa katika upasuaji au uzazi usioweza kuachwa, baadhi ya wanavyuoni wameruhusu kukusanya Swala mbili kwa haja, maadamu haikufanywa mazoea. Muuguzi mwanamume anayemwangalia mgonjwa asiye na mwingine wa kumhudumia ana udhuru wa kukosa Ijumaa, ataswali Adhuhuri.

4. Wagonjwa na mahali pa kazi

Mwanamke ahudumiwe na mwanamke, na mwanamume na mwanamume, kila inapowezekana. Isipowezekana, dharura huruhusu kwa kiasi chake: afunue panapohitajika tu, na asikae faragha na mgonjwa wa jinsia nyingine bila ya mtu wa tatu.

Baadhi ya hospitali za mkoa huo ni za misheni, kama ile ya Mtakatifu Gaspar iliyoko Itigi. Kufanya kazi ya halali kwa asiyekuwa Muislamu kunajuzu; Khabbab (R.A.) alikuwa mhunzi Makka na alimfanyia kazi Al-'As bin Wail, mshirikina. Asishiriki ibada zao, na aulize mapema kuhusu hijabu na nafasi ya kuswali.

5. Mkataba na mshahara

Suratul Maida inaanza kwa amri ya kutimiza mikataba. Aliyesaini miezi sita asiondoke mwezi wa pili kwa sababu ya arusi au kiwewe cha nyumbani, ila kwa njia iliyoandikwa katika mkataba. Mzazi naye asimshurutishe kuivunja. Na kwa kuwa afya si jambo la Muungano na Bara ina Baraza lake la Uuguzi na Ukunga, ahakikishe usajili na leseni kabla ya safari. Kuhudumia bila ya idhini ni kuhatarisha roho za watu.

Mshahara wa binti ni mali yake. Akiwasaidia wazazi ni wema wenye malipo makubwa, lakini baba asimcheleweshee ndoa kwa kutegemea pesa hizo. Hiyo ni dhulma, na tumeiona.

Kwa ufupi: kijana wa kiume aende kwa radhi za wazazi wake. Binti aende akisindikizwa, akijua pa kulala na wa kumkimbilia. Lisipopatikana hilo, asubiri au atafute mkataba wa karibu, na Allah ndiye Mwenye kuruzuku.

Wallahu a'lam.