Joto Halitoshi: Kinga ya Mwanasoka Inajengwa Wapi?

Katika viwanja vingi vya Afrika Mashariki, kupasha misuli kabla ya mechi kuna sura moja: wachezaji huzunguka uwanja mara mbili tatu, kisha husimama duara, nahodha akahesabu huku kila mmoja akiwa ameuvuta mguu wake nyuma kwa mkono. Jua la saa tisa likiwa kali, wapo makocha wanaofupisha hata hicho kidogo, wakisema mwili umeshapata moto wenyewe. Hoja yao ingekuwa na mashiko kama kinga ya mchezaji ingetokana na joto. Nadai kwamba haitokani nalo, au hutokana nalo kwa kiasi kidogo tu.

Joto lina kazi yake, sikatai. Msuli uliopata moto hujikaza na kulegea upesi zaidi, ndiyo maana mchezaji aliyekaa kitako wakati wote wa mapumziko hurudi na mbio zilizopungua. Hiyo, hata hivyo, ni faida ya kasi, na huisha mwili ukipoa. Kunyoosha viungo kwa kuvuta na kusubiri kuna utetezi hafifu zaidi: jaribio la Australia lililochapishwa mwaka 2000, lililohusisha askari wapya 1,538, halikuona tofauti ya maana ya majeraha kati ya walionyoosha kabla ya mazoezi na wasionyoosha.

Ushahidi wenye uzito uko kwenye programu ya FIFA 11+, iliyotungwa mwaka 2006. Ina mazoezi 15 ya takriban dakika 20: mbio za taratibu kwa dakika 8, nguvu, kuruka na uwiano wa mwili kwa dakika 10, kisha mbio za kasi kwa dakika 2. Sehemu ya kati ndiyo kiini. Mchezaji hupiga magoti, mwenzake akamshika vifundo, naye akashuka mbele polepole akijizuia kwa misuli ya nyuma ya paja. Hujifunza pia kutua bila goti kuingia ndani. Kano ya mbele ya goti, ile inayowaweka wachezaji nje kwa miezi mingi, mara nyingi hukatika pasipo kuguswa na mpinzani, katika kutua au kugeuka vibaya.

Torbjørn Soligard na wenzake waliijaribu programu hiyo Norway kwa wasichana 1,892 na kuchapisha matokeo mwaka 2008: majeraha kwa jumla yalipungua kwa karibu theluthi moja, na yale makubwa kwa karibu nusu. Wengi wanaounukuu utafiti huo huruka jambo moja: kipimo chake kikuu, majeraha ya miguu, kilishuka bila kufikia kiwango cha uhakika wa kitakwimu. Kwa hiyo jaribio la Lagos la mwaka 2014 lina thamani ya pekee. Lilifanyika kwa vijana 416 wa kiume, katika hali ya hewa inayofanana na ya pwani yetu, na majeraha yalipungua kwa 41%. Huko nako jua lilikuwapo kwa timu zote. Kilichozitofautisha ni mazoezi.

Kuna pingamizi la haki: programu iliyoitangulia, iliyojulikana kama "The 11", ilijaribiwa nchini Norway hiyohiyo bila mafanikio. Lakini timu nyingi ziliifanya mara chache mno. Hata katika 11+, timu zilizoshika ratiba kwa uaminifu ndizo zilizonufaika zaidi. Nguvu ya paja haipatikani kwa kipindi kimoja kabla ya fainali. Inahitaji mazoezi angalau mara mbili kwa wiki, wiki baada ya wiki.

Matokeo ya Australia ya mwaka 2019 ndiyo yanayonishawishi kuliko yote. Watafiti waliihamishia sehemu ya kati ya 11+ mwishoni mwa mazoezi kwa baadhi ya timu za wachezaji wa nusu kulipwa. Kinga haikupotea, majeraha makubwa yalipungua zaidi na utekelezaji wa programu ukapanda. Kama siri ingekuwa joto, uhamisho huo ungeiharibu programu. Basi kocha anayelalamika kwamba dakika 20 zinamla muda wa mbinu anaweza kubakiza mbio mwanzoni na kuyapeleka mazoezi ya magoti na paja mwishoni, mpira ukishawekwa kando. Asichoweza kufanya ni kuyaruka kwa kisingizio cha jua.