Sungusungu

Sungusungu ni vikundi vya ulinzi wa jadi vilivyoanzishwa na wanavijiji wa Usukuma na Unyamwezi, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Lengo lao la kwanza lilikuwa kuzuia wizi wa ng'ombe na ujambazi wa kutumia silaha. Baadaye walijihusisha pia na kusuluhisha migogoro, kutunza malisho na kusimamia kazi za kijiji. Katika Mkoa wa Shinyanga, ambamo mna kata kama Didia, Tinde na Samuye, sungusungu ni mojawapo ya vyombo vya kijamii vinavyofahamika zaidi vijijini.

Vikundi hivi vimesifiwa kwa kurudisha amani mahali ambapo polisi walikuwa wachache na mbali. Vimelaumiwa pia kwa kuwaadhibu watu bila kuwafikisha mahakamani.

Jina

Kwa Kiswahili, sungusungu ni aina ya chungu weusi wanaouma, ambao hutembea kwa makundi. Mdudu mmoja hana nguvu, lakini kundi zima humshinda mnyama mkubwa. Wanachama wenyewe katika sehemu nyingi za Usukuma walipenda kujiita Basalama (kwa Kiswahili Wasalama), yaani watu wa amani. Jina la "ulinzi wa jadi" pia hutumika.

Chimbuko

Sungusungu walianza kati ya mwaka 1981 na 1982 katika eneo la Kahama na vijiji vya jirani, wakaenea haraka katika mikoa ya Shinyanga, Tabora na Mwanza. Sababu kadhaa zilikutana.

Kwanza, ng'ombe ni akiba ya Msukuma. Ndiye mahari, ada ya shule na dawa ya mwaka wa njaa. Familia iliyoibiwa kundi lake kwa usiku mmoja ilirudi nyuma kwa miaka mingi.

Pili, baada ya Vita vya Kagera (1978–1979) silaha za moto ziliongezeka mikononi mwa raia. Wezi waliokuja zamani na fimbo na mikuki sasa walikuja na bunduki. Wakati huohuo uchumi wa nchi ulikuwa umeshuka, bidhaa zilikuwa adimu, na vituo vya polisi vilikosa magari na mafuta.

Tatu, wananchi wengi walikuwa wamepoteza imani kwa vyombo vya dola. Walilalamika kwamba mtuhumiwa aliyekamatwa leo huonekana sokoni kesho. Aidha, msako wa mwaka 1976 katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, uliolenga kukomesha mauaji, uliishia kwa watuhumiwa kuteswa, na baadhi yao walikufa wakiwa mahabusu. Kutokana na tukio hilo Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani na baadaye Rais wa Tanzania, alijiuzulu mwaka 1977.

Mizizi yao ni ya zamani zaidi. Kabla ya hapo kila mwanamume wa Kisukuma alikuwa na wajibu wa kuitika mwano, yaani ukelele wa kuomba msaada. Vijana wa kijiji walikuwa na umoja wao chini ya kiongozi aliyeitwa nsumba ntale, wakilima mashamba kwa zamu na kujenga nyumba pamoja. Vyama vya ngoma kama Bagika na Bagalu navyo viliwazoesha watu kuwa na viongozi, viapo na nidhamu nje ya serikali. Sungusungu walijengwa juu ya mazoea hayo.

Muundo

Mpangilio hutofautiana kati ya kijiji na kijiji, lakini kwa kawaida kuna viongozi wafuatao:

Ntemi ni mkuu wa kikundi. Cheo hiki kimechukuliwa kutoka kwa watemi wa zamani, ambao utawala wao ulifutwa kisheria mwaka 1963.
Katibu hutunza orodha ya wanachama, kumbukumbu za faini na barua kati ya vijiji.
Makamanda huongoza misako na zamu za ulinzi.
Baraza la wazee husikiliza mashauri na kushauri juu ya adhabu.

Silaha za jadi ni upinde na mishale, pamoja na filimbi ya kupiga mwano. Katika miaka ya mwanzo wanachama walikula kiapo na kupewa dawa ya kinga. Katika vijiji kadhaa wanawake nao walikuwa na kikundi chao na viongozi wao.

Shughuli

Ulinzi wa mifugo. Ng'ombe wanapoibwa filimbi hupigwa, na kila kaya hutakiwa kutoa mtu. Kundi hufuata nyayo, na kijiji kinachosikia mwano hupokea msako na kuupeleka mbele kwa kijiji kinachofuata. Nguvu ya sungusungu ilikuwa katika mnyororo huu. Mwizi aliyewakimbia watu wa kijiji kimoja aliwakuta wa kijiji cha pili wamekwisha kusimama njiani.

Usuluhishi. Mashauri ya madeni, ugomvi wa mipaka, matusi na ugomvi wa ndoa hupelekwa mara nyingi kwa sungusungu kabla ya kufika mahakama ya mwanzo.

Hifadhi ya mazingira. Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) mwaka 1986 ili kurudisha miti katika mkoa uliokuwa ukigeuka jangwa. Wananchi walifufua desturi ya ngitili, yaani eneo la malisho linalofungwa wakati wa masika ili nyasi zitumike kiangazi. Mkutano wa jadi uitwao dagashida uliweka kanuni, na sungusungu walisaidia kuwakamata waliokata miti au kuingiza mifugo kabla ya wakati. Hadi mradi unamalizika mwaka 2004, zaidi ya hekta 300,000 za ngitili zilikuwa zimerudishwa.

Kazi za kijiji. Sungusungu pia huhimiza watu kujitokeza kwenye ujenzi wa shule, utengenezaji wa barabara na mazishi.

Adhabu

Adhabu ya kawaida ni faini ya fedha au mifugo. Adhabu inayoogopwa zaidi ni kutengwa. Aliyetengwa hasalimiwi, haombi moto wala maji kwa jirani, na akifiwa hakuna anayekuja kuchimba kaburi. Anayemsaidia naye hutozwa faini. Katika mazingira ambamo kulima, kuvuna na kuzika hufanywa kwa kusaidiana, watu wengi huomba msamaha mapema.

Uhusiano na serikali

Mwanzoni polisi na mahakama waliwatilia mashaka, na baadhi ya viongozi wa sungusungu walishtakiwa. Chama cha Mapinduzi na Rais Julius Nyerere, kwa upande mwingine, waliwaona kama wananchi wanaojilinda wenyewe. Mwaka 1989 Bunge lilirekebisha sheria za Jeshi la Mgambo ili vikundi vya ulinzi wa jadi vitambuliwe na viwe na uwezo wa kukamata wahalifu. Tangu miaka ya 2000 Jeshi la Polisi limehimiza polisi jamii na ulinzi shirikishi, na katika maeneo mengi sungusungu wameunganishwa na kamati za ulinzi na usalama za vijiji.

Lawama

Lawama kubwa ya kwanza inahusu tuhuma za uchawi. Katika miaka ya mwanzo vikundi kadhaa viliwafukuza vijijini watu waliodhaniwa kuwa wachawi, hasa wanawake wazee. Katika kanda hii macho mekundu yamechukuliwa na wengi kuwa alama ya uchawi, ingawa mara nyingi husababishwa na miaka mingi ya kupikia kwa kuni na samadi kavu katika nyumba isiyopitisha hewa. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1928, inafanya kumtuhumu mtu kuwa mchawi kuwa kosa.

Lawama ya pili ni vipigo na mateso wakati wa kuhoji watuhumiwa. Ibara ya 13 ya Katiba ya Tanzania inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, inakataza kumtendea mshtakiwa kama mkosaji kabla ya kuthibitishwa kuwa na hatia, na inakataza mateso. Ibara ya 107A inaipa Mahakama kauli ya mwisho katika utoaji haki. Kwa hiyo sungusungu wanaweza kukamata na kusuluhisha, lakini hawana mamlaka ya kumhukumu mtu kwa jinai.

Lawama ya tatu ni matumizi ya faini. Pale kumbukumbu zisipoandikwa vizuri, wanavijiji hushindwa kujua fedha na mifugo vimekwenda wapi.

Kuenea

Wasukuma waliohama kutafuta malisho na mashamba walikwenda na utaratibu huu hadi mikoa ya Rukwa, Mbeya na Morogoro. Wakuria wa Tarime waliupokea pia, na mwishoni mwa miaka ya 1990 ukavuka mpaka hadi kwa Wakuria wa Kenya. Mijini, ikiwemo Dar es Salaam, jina la sungusungu lilitumika kwa doria za usiku za wakazi wa mtaa. Kundi lililojulikana kwa jina hilohilo huko Kisii, Kenya, lina historia yake yenyewe na lisichanganywe na sungusungu wa Usukuma.

Utafiti

Mwanaanthropolojia Ray Abrahams wa Chuo Kikuu cha Cambridge aliandika juu ya sungusungu mwaka 1987, na Mtanzania Sufian Bukurura aliwachunguza kwa undani katika Wilaya ya Kahama. Swali linalorudi katika maandishi yao na ya wengine ni jinsi jamii inavyoweza kujilinda pale dola lisipofika, bila ulinzi huo kumwonea mnyonge wa kijiji kilekile.

Tazama pia

Wasukuma
Wanyamwezi
Ngitili
Mkoa wa Shinyanga
Didia