Vijinzi vya kwenye viriba: kwa nini kupuliza hakusaidii, na dawa yake ilitoka wapi

Ukimwagilia viriba vya mikorosho, au chungu cha maua barazani, na vijinzi vidogo vyeusi vikaruka, usikimbilie bomba. Ukipuliza leo vinapungua, wiki ijayo vimerudi, na pesa ya dawa imekwenda. Tabia hii ya kupuliza ina historia yake.

Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna zaidi ya tani 140,000 za korosho. Kufikia 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa kadhaa: watu kuhamishiwa vijijini mbali na mashamba yao, bei ndogo, na ugonjwa wa ubwiriunga. Salfa ya unga, iliyofanyiwa utafiti hapa kwetu Naliendele, ilisaidia kuinua tena zao hili. Tangu hapo tumezoea kupuliza juu. Kwa ubwiriunga ni sahihi, maana ukungu wake hushambulia majani machanga na maua.

Vijinzi ni habari nyingine. Vinavyoruka ni wazazi, vinaishi siku chache tu. Watoto wako chini, kwenye udongo mbichi: funza wembamba weupe wenye kichwa cheusi, wanaokula ukungu, samadi isiyoiva na mizizi laini ya mche. Dawa ya juu haiwafikii.

Dawa inayowafikia ni bakteria. Mwaka 1901 Mjapani Ishiwata aliwakuta bakteria hao wakiua viwavi wa hariri. Mwaka 1911 Ernst Berliner akawakuta Ujerumani, eneo la Thuringia, kwenye viwavi wa nondo wa unga, ndipo likaja jina Bacillus thuringiensis. Mwaka 1976, katika jangwa la Negev huko Israeli, ikapatikana aina inayoua viluwiluwi vya mbu, ikaitwa israelensis. Vijinzi hivi ni jamaa wa mbu, hivyo aina hiyo ikaanza kutumika pia kwenye udongo wa maua na miche katika nchi mbalimbali. Lazima funza aile ndipo afe. Mzazi anayeruka haimdhuru.

Kwetu Tanzania, kiwanda cha viuadudu Kibaha, kilichojengwa kwa teknolojia ya Cuba, kilizinduliwa 2015. Mwaka 2017 Rais John Magufuli aliagiza halmashauri zinunue dawa yake ili kupambana na malaria. Hapo wauzaji sikilizeni: dawa za bakteria hazifanani. Bactivec ina israelensis. Griselesf ina Bacillus sphaericus, ambayo ni ya mbu, si ya vijinzi hivi. Zenye neno kurstaki ni za viwavi. Soma lebo kabla ya kuuza, na kama lebo haitaji udongo wa miche, uliza kwa afisa ugani kwanza.

Lakini kabla ya kununua chochote, fanya haya:

1. Weka kipande cha kiazi mviringo kibichi juu ya udongo siku mbili au tatu. Ukikigeuza ukaona funza, tatizo ni hilo.
2. Punguza maji. Acha udongo wa juu ukauke kabla ya kumwagilia tena, lakini mche usinyauke.
3. Tumia samadi iliyoiva vizuri. Mbichi ndiyo chakula chao.
4. Tandaza mchanga mkavu juu ya kiriba, kina cha sentimita moja hivi. Tumia wa mtoni. Wa ufukweni una chumvi.
5. Ukitumia dawa ya israelensis, changanya na maji kwa kipimo cha lebo, mwagia kwenye udongo, rudia kila wiki kwa wiki tatu hivi, kwa sababu mayai huanguliwa kwa zamu.

Kwa vyungu vichache vya nyumbani, hatua nne za mwanzo mara nyingi zinatosha. Mwenye kitalu cha kuuza asipeleke mche kwa mteja kabla ya kukagua udongo, maana funza husafiri na kiriba mpaka shamba la mwenzako.